Soli ya Kushoto ya Mwalimu

Jumapili, 2 Juni

Baridi imeingia. Sihitaji redio kuniambia, maana gundi karakanani haikauki tena mpaka niisogeze karibu na jiko, na Mama ameanza kulala na soksi za marehemu baba. Leo asubuhi tumeanza tena mazoezi, sisi wanne wale wale, Mwalimu, Bonge, Nesi na mimi, na mapafu yangu yameniuliza kosa lao ni nini.

Niandike sababu ya shajara hii, ili nikija kukata tamaa nijisute mwenyewe. Kuna barabara ya vumbi inatoka hapa mjini, inapita mashambani, inapanda hadi machimbo ya mawe, inashuka upande wa pili, inazunguka bwawa na kurudi nyumbani. Kilomita thelathini na mbili. Tunaiita Mzunguko. Miaka minne sasa, kila baridi, tumejaribu kuumaliza wote wanne kwa pamoja, na kila mwaka umetushinda. Mwaka wa kwanza tulipotea. Wa pili Bonge alitumbukia mtaroni. Wa tatu mbwa wa machimbo walitugeuza mbio. Mwaka jana ilikuwa mimi. Kilomita ya ishirini na nne niliketi juu ya jiwe nikasema sinyanyuki, na kweli sikunyanyuka mpaka lori la kokoto lilipotubeba. Wenzangu hawajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Leo, tukinyoosha miguu, Nesi ametuambia barua yake ya uhamisho imefika. Anaripoti kituo kipya tarehe 8 Agosti, safari ya siku mbili kutoka hapa. Kwa hiyo ni msimu huu au basi. Bonge akasema, "Mwaka huu tunamaliza, hata kwa kutambaa." Tumepanga iwe Jumapili ya tarehe 21 Julai.

Alhamisi, 6 Juni

Kilomita nane. Vidole vilikufa ganzi nikashindwa kufungua kufuli la karakana. Mama alinifungulia huku akiuliza nimemwibia nani hata nikimbizwe kila asubuhi.

Jumapili, 9 Juni

Kilomita kumi na nne. Mimi wa mwisho, kama kawaida.

Mwalimu anafundisha hisabati. Ana miaka hamsini na miwili, mwembamba, kichwa kigumu, na ana saa inayolia kila tukimaliza kilomita. Ikilia tu anatutangazia muda kwa sauti ile ya kusoma matokeo ya waliofeli. Bonge ni mwokaji mikate. Anatoka jikoni alfajiri na kuja moja kwa moja, unga bado uko kwenye nyusi, na kitambi chake hakimzuii kukimbia wala kupiga soga. Anaongea hata tukiwa mlimani, wakati sisi wengine tunatafuta pumzi. Nesi ndiye mdogo wetu, ana miaka thelathini na mitatu, na anatuzidi wote kwa mbio ingawa hajawahi kujisifu. Mimi ni fundi viatu, miaka arobaini na moja. Wananiita Gundi kwa ajili ya vidole vyangu. Bonge anadai ni kwa sababu nanata barabarani.

Sheria yetu ni moja, aliitunga Mwalimu mwaka ule tulipopotea. Hakuna anayepita njia panda mpaka wa mwisho afike, na huyo wa mwisho ndiye anayesema tushike njia ipi. Akisema kushoto ni kushoto, hakuna kubishana. Leo nimewapeleka njia fupi mara mbili. Mwalimu alikunja sura, lakini afanye nini, sheria ni yake.

Jumatano, 12 Juni

Ukungu mzito. Nimemsalimia ng'ombe nikidhani ni Bonge. Sijamwambia.

Jumapili, 16 Juni

Leo kuna kioja. Mwalimu, ambaye siku zote yuko mbele akitazama saa, amekimbia na mimi huku nyuma kilomita zote kumi na sita.

"Leo nakusindikiza, Gundi," alisema.

"Nani kaomba kusindikizwa?"

"Hakuna. Nimejitolea."

Nikajua tu: anaogopa nitatafuta jiwe jingine. Nilikasirika nikaongeza mwendo makusudi, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze nikafika njia panda kabla ya mtu mwingine. Mwalimu akafika nyuma yangu akihema, akachagua njia ndefu. Hata hakunitazama.

Alhamisi, 20 Juni

Kilomita kumi. Nyasi zilikuwa zimeganda, zinalia chini ya raba. Bonge amekula mkate mzima akikimbia.

Jumapili, 23 Juni

Kilomita ishirini. Mwalimu yuko nyuma na mimi tena, na leo sikuchukia. Ukikimbia na mtu saa mbili na nusu lazima mtaongea. Ameniambia tangu watoto wake wahame nyumba imekuwa kubwa mno, anawasha redio jikoni na nyingine sebuleni ili kuwe na watu wanaozungumza. Jumapili ndiyo siku anayoisubiri wiki nzima. "Na Nesi akiondoka," alisema, halafu saa ikalia, akatangaza muda badala ya kumalizia.

Miaka minne nimemwona kama mtu wa kutusimamia tu. Nimemhukumu vibaya mzee wa watu. Kumbe ana roho nzuri, anaacha kukimbia mbele ili nisiwe peke yangu.

Ijumaa, 28 Juni

Nafuta nusu ya niliyoandika Jumapili.

Mwalimu ameleta raba zake niziwekee soli mpya. Ameziacha kwa Mama akaondoka haraka, akisema ana madaftari ya kusahihisha. Nimekaa na viatu vya watu miaka ishirini. Mtu anaweza kuniambia hanywi, hagombani na mkewe, haumwi popote. Nikigeuza kiatu chake naona anavyotembea, na mengine najazia. Nimegeuza raba ya kulia: imeliwa kisigino, tena sana, kwa sababu mwili wote unaangukia huko. Nikageuza ya kushoto: kisigino kizima karibu kipya, ila ukingo wa nje umelika mpaka nyuzi zinaonekana. Raba hizo niliziwekea soli Machi mwenyewe. Ndani ya miezi mitatu huyu mtu amekuwa akiukwepa mguu wa kushoto.

Kwa hiyo hakuwa ananisindikiza. Alikuwa hawezi kwenda mbele. Anaumwa goti na anatuficha, kwa sababu tukijua tutaahirisha, na tukiahirisha Nesi ataondoka Mzunguko haujaisha.

Nilikaa na kile kiatu mapajani muda mrefu. Nikimsema, nimeuvunja msimu, mimi yule yule niliyeuvunja mwaka jana. Nisipomsema, anakimbia na goti bovu. Ndipo nikajiona mjanja. Nikakata kabari ya ngozi, unene wa njiti mbili za kiberiti, nikaibandika chini ya kitambaa cha ndani, upande wa nje wa kisigino cha kushoto, ili mguu usimame sawa. Nikafunika vizuri. Hataona kitu, mguu utanyooka, na siri yake itabaki yake. Nimejipongeza kwa vikombe viwili vya chai.

Jumapili, 30 Juni

Kilomita ishirini na mbili, na Mwalimu amekimbia katikati yetu, amenyooka mgongo! Anasema soli zangu ni za ajabu. Nimesema asante na kutazama pembeni.

Alhamisi, 4 Julai

Mwalimu hakuja. Ametuma ujumbe: "Kazi nyingi." Baridi kali, hakuna aliyeongea isipokuwa Bonge.

Jumapili, 7 Julai

Leo lazima niandike yote.

Tulipanga kilomita ishirini na nne. Mwalimu alikuja amevaa suruali ndefu, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata baridi iwe ya namna gani. Kilomita ya tisa, kwenye uzio wa shamba la mahindi, nikasikia hatua zake zimekatika. Nikageuka. Ameshika nguzo ya uzio kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu.

Nikapiga kelele. Nesi akarudi mbio, akamketisha, akapandisha suruali. Goti lilikuwa limeumuka kama mkate wa Bonge.

"Tangu lini?" akauliza Nesi.

"Tangu jana."

"Mwalimu."

"Tangu... wiki hii."

"Mwalimu, nimekuuliza kwa heshima."

"Tangu mwezi wa nne," akasema, akatazama chini. Sijawahi kumwona mtu mzima akifanana hivyo na mwanafunzi wake mwenyewe.

Nesi akabonyeza goti, kisha akapanda juu, kwenye nyonga, Mwalimu akaruka. "Na huku? Huku kumeanza lini?" Mwalimu akasema huko ndiko kulikomshangaza, kumeanza Jumatatu tu, ghafla, kama mguu mmoja umerefuka.

Hapo nikajua ni kabari yangu. Ningeweza kunyamaza. Wazo hilo lilinijia, silifichi. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho ya maumivu, ametoka kusifu soli zangu juzi tu. Nikapiga magoti, nikamvua raba ya kushoto, nikafunua kitambaa, nikang'oa ile kabari na kuiweka kiganjani mwa Nesi.

"Nini hiki?"

"Ngozi. Nimeiweka mimi. Niliona soli yake, nikajua anaumwa, nikataka kumnyoosha bila kusema."

Nesi akaigeuzageuza kiganjani. 

"Ulijua," akasema Nesi polepole. "Yeye anajua, wewe unajua. Na mimi nesi, ninayewafungia watu magoti kila siku ya Mungu, ndiye sijui! Mmeficha goti, mnamficha nani? Mimi!" Sauti ilimpanda. "Dada Gundi, wewe ni fundi wa viatu, si wa mifupa! Na wewe Mwalimu, una akili za kuhesabu nyota, huna za kusema 'naumwa'?"

"Ningesema," akajibu Mwalimu, "mngeahirisha. Na wewe unaondoka."

 Nesi akasimama akaenda hatua kadhaa kutazama mahindi, na tulimwona anajifuta uso kwa mkono wa sweta. Bonge, ambaye hakuwa amesema neno kwa dakika tano, na hiyo ni rekodi, akaniegemea akanong'ona, "Hivi raba zangu umeweka nini humo?" Nikacheka nikiwa nalia. Mwalimu naye akaanza kucheka, akishika goti, akisema acheni, kunauma. Mwisho hata Nesi alirudi akicheka kwa hasira, akitutukana kistaarabu.

Trekta lililobeba majani lilitusogeza hadi mjini. Hukumu ya Nesi ni hii: wiki mbili bila kukimbia kabisa, barafu kutwa mara mbili, na Mzunguko unasogezwa hadi tarehe 4 Agosti, Jumapili yake ya mwisho hapa. Goti likivimba njiani, tunasimama. Tumeapa.

Nimemwomba Mwalimu radhi mlangoni kwake. Akasema, "Tulikuwa wajinga wawili, Gundi. Mmoja jumlisha mmoja ni wawili, hakuna cha kubeba." Kisha akanikaribisha ndani nizime redio moja.

Jumapili, 14 Julai

Kilomita kumi na nane. Mwalimu amekuja na baiskeli, mguu mmoja anapiga pedali na mwingine unaning'inia. Anapiga kengele nyuma yetu na kutangaza muda. Bonge amemwomba Mungu hadharani alitoboe tairi.

Jumatano, 17 Julai

Kabari ile Nesi amenirudishia. Nimeitupa jikoni ikaungua na kutoa harufu mbaya. Mama amefungua madirisha yote, baridi ikaingia, hatuongei.

Alhamisi, 18 Julai

Tunaongea. Amenifumia kofia.

Jumapili, 21 Julai

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Mvua ya baridi kutwa, hivyo hata goti lingekuwa zima tungeloa bure. Nimejifariji hivyo, lakini nimeenda dirishani mara nyingi.

Jumapili, 28 Julai

Nesi amemruhusu. Kilomita kumi, anakimbia tambarare, anatembea mteremkoni. Goti halikuvimba. Tulilitazama wote wanne kwa zamu, na mwenye goti akakerwa. Nimetengeneza raba zake upya na kumwonyesha kila kilichomo ndani, tabaka kwa tabaka, kama fundi anavyotakiwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Siwezi kula. Mama anasema ninaenda kukimbia, siendi kuolewa.

Jumapili, 4 Agosti

Tuliondoka kunapambazuka, pumzi zikitoka kama moshi wa jiko. Nesi mbele, mimi na Bonge katikati, Mwalimu nyuma. Mashamba yote yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, jua likatoka jekundu bila joto lolote. Hakuna aliyetangaza muda. Kilomita ya kumi tulikula ndizi tukiwa tunatembea. Mlima wa machimbo tulipanda kwa miguu, tukisukumana migongo, Bonge akitusimulia jinsi alivyowahi kuchumbia kwa keki iliyoungua. Mbwa wa machimbo walikuwepo. Bonge aliwarushia mkate, wakatusindikiza kwa heshima zote. Kilomita ya kumi na nane niliangalia miguu yangu na kugundua ina nguvu. Mwaka mzima nimeota nikipita mahali pale nilipoketi, na leo nilijua nitapapita.

Kilomita ya ishirini na tatu Mwalimu akaanza kuburuza mguu.

"Niko sawa," akasema kabla hatujamuuliza.

Mbele yetu, hatua kama mia, kulikuwa na njia panda ya mwisho. Kushoto ni nyumbani, kilomita tatu. Kulia ni bwawani na kuzunguka, kilomita tisa. Nikapiga hesabu yangu bila saa. Akifika yeye wa mwisho, atasema kulia, na hatutaruhusiwa kubisha. Ataumaliza Mzunguko na goti litamalizika nao. Basi nikainama kufunga kamba ya raba ambayo haikuwa imefunguka.

Nilipoinua kichwa, Bonge naye alikuwa amesimama, ananyoosha paja. Nesi alikuwa mbele kidogo, ametulia, anatazama ndege ambaye mimi sikumwona. Mwalimu akatufikia, akasimama pia.

"Tangulieni," akasema.

"Tangulia wewe."

"Mimi napumzika kidogo."

"Hata mimi."

Tukasogea hatua tano, polepole. Tukasimama. Bonge akarudi nyuma hatua moja, nikarudi mbili. Nesi akageuka akatukuta tunarudi, naye akaja nyuma yetu. Watu wazima wanne, katikati ya barabara, kwenye baridi ile, kila mmoja anamkaribisha mwenzake mbele kwa adabu kubwa. Mama mmoja akapita na baiskeli yenye madumu ya maziwa, akapunguza mwendo.

"Mnashindana?"

"Ndiyo, mama," akajibu Bonge.

"Anashinda nani?"

"Atakayechelewa."

Akatutazama mmoja mmoja. "Basi mna kazi," akasema, akaenda zake.

Mwalimu akapandwa na hasira. "Nimeshaelewa. Mnanionea huruma!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Tunakuonea huruma, Mwalimu. Mwaka mzima nimelala na aibu ya lile jiwe. Nautaka huu Mzunguko kuliko wewe, na miguu leo ninayo. Lakini siutaki kwa goti lako."

"Na yeye?" Akamwonyesha Nesi. "Keshokutwa anaondoka! Atabaki na nini?"

Tukamgeukia Nesi. Katika huruma zetu zote hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nendeni mkasimame njia panda," akasema. "Wa mwisho ni mimi. Mwalimu, wewe pia, tembea."

Tukaenda. Hata Mwalimu alienda. Tukageuka na kumsubiri, naye akaja akitembea, mikono imeingia kwenye mikono ya sweta, anatazama kulia ambako bwawa linang'aa, anatazama mlima tulioshuka, anatutazama sisi. Alichukua muda wake. Alipofika mashavu yalikuwa yameloa na pua imekuwa nyekundu.

"Kushoto," akasema.

"Usifanye hivyo kwa ajili yangu," Mwalimu akaanza.

"Nani kasema kwa ajili yako? Sitaki kwenda kule nikiwa nimemaliza. Nikimaliza leo, nyie mtakuwa watu niliowahi kukimbia nao. Mwakani mwezi wa saba naomba likizo, narudi, tunaanza tena hapo mwanzo, na magoti yote manane yakiwa mazima. Nimesema kushoto."

Hakuna kubishana, ndiyo sheria. Tulishika kushoto, tukijipanga wanne kwa upana wa barabara, kwa mwendo wa Mwalimu. Saa ililia mara tatu kabla ya nyumba za kwanza, na mara zote tatu hakusema kitu. Bonge hakusema kitu pia. Nilikuwa nimemshika Nesi mkono na sikuona haya.

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi, kabla ya basi, Nesi alipita karakanani. Mizigo alikuwa ameshaipeleka stendi. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake raba zake, bado zina tope la juzi.

"Hizi sizibebi," akasema. "Weka soli mpya. Nitazichukua."

Nikatoa kadi kama ninavyofanya kwa mteja yeyote. Jina: Nesi. Kazi: soli zote mbili. Mkono ulisita kwenye tarehe ya kuchukua, naye akainama akaijaza mwenyewe, Julai, mwaka ujao, kisha akachana kipande chake na kukiweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho. Tulikumbatiana mpaka Mama akauliza kama basi linasubiri watu wanaolia.

Alipoondoka, Mama aliisoma kadi kwa miwani yake, akanikumbusha kuwa sheria ya karakana ni miezi mitatu, baada ya hapo viatu vinauzwa. Nimemwambia hivi haviuzwi. Nikawasha jiko gundi ipate joto, nikakaa kitako nikaanza kubandua soli ya zamani.